Baridi yabisi na uzazi: maandalizi kabla ya mimba, dawa za kubadilishwa mapema, na miezi ya baada ya kujifungua

Mwanzisha uzi (Tanga mjini)

Wanajukwaa, amani iwe kwenu.

Ninaandika uzi huu kwa wanawake wenye baridi yabisi ya viungo, na pia kwa waume, mama na wakwe wanaoishi nao. Ninakusudia ule ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia utando wa ndani wa viungo vyake yenyewe, vidole na viganja vikavimba mkono wa kulia na wa kushoto kwa pamoja, na mtu akiamka anakuta mikono imekakamaa kwa saa nzima au zaidi kabla haijalegea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 18 duniani walikuwa wakiishi nao, na takriban asilimia 70 yao ni wanawake. Wengi huupata wakiwa wamekwisha kuvuka umri wa kuzaa, lakini wapo wanaoupata wakiwa na miaka ishirini au thelathini na kitu, nami ni mmoja wao. Nimezaa nikiwa nao, hapa hapa Tanga.

Ninalotaka kulieleza ni moja: ujauzito wa mwenye baridi yabisi huandaliwa kabla mimba haijaingia, ugonjwa ukiwa umetulizwa kwa dawa zinazomfaa mama na mtoto, na maandalizi hayo hayakomi siku ya kujifungua. Ninalisisitiza kwa sababu wengi wetu hupewa mojawapo ya majibu mawili. Wapo wanaoambiwa wasahau habari ya kuzaa. Wengine, na hawa ndio wengi zaidi niliokutana nao, huambiwa na ndugu, na mara nyingine hata na mtu wa afya, kwamba wakitaka mtoto waache dawa zote. Nimemwona mwenzangu aliyefuata ushauri huo wa pili akafika mahali hawezi kuinua kikombe cha chai, na mimba yenyewe ilikuwa bado haijaingia.

Kuhusu kushika mimba, baridi yabisi haimfanyi mwanamke kuwa tasa, ila huweza kumchelewesha. Utafiti uliofanywa Uholanzi kwa kuwafuatilia wanawake wenye ugonjwa huu waliokuwa wakitafuta mtoto ulionyesha kwamba takriban asilimia 42 yao walivuka miezi 12 bila kushika mimba. Waliochelewa zaidi ni wenye umri mkubwa, wasiowahi kuzaa, wale ambao ugonjwa wao ulikuwa umechachamaa, waliokuwa wakitumia dawa za maumivu za kundi la diklofenaki na ibuprofeni, na waliokuwa wakimeza prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, zaidi ya miligramu 7.5 kwa siku. Umri hatuwezi kuurudisha nyuma, lakini hayo matatu ya mwisho yana ufumbuzi.

Hapo kwenye diklofenaki nitakaa kidogo, maana ndiyo dawa inayopatikana kirahisi mno katika maduka ya dawa ya mjini kwetu, na mwenye maumivu huweza kuimeza mwezi mzima bila kuandikiwa na mtu yeyote. Dawa za kundi hili huzuia kemikali ambazo mwili huzihitaji ili kifuko cha yai kipasuke na yai litoke. Yai hupevuka, siku za hedhi zikaja kama kawaida, kumbe yai limebaki ndani ya kifuko chake. Hali hiyo hurudi sawa dawa ikiachwa. Kwa hiyo anayetafuta mtoto akakosa, huku akimeza dawa hizi kila siku, amweleze daktari jambo hilo kabla hajaanza kugharamia vipimo vikubwa. Parasetamoli inaweza kushika nafasi yake kwa maumivu madogo, na ugonjwa wenyewe ukadhibitiwa na dawa za msingi.

Liko jingine ambalo halisemwi. Nyonga zikiuma, magoti yakivimba na mwili ukichoka, tendo la ndoa nalo hupungua, na baadhi yetu hupata ukavu ukeni unaoongeza maumivu. Mume asipoelezwa hudhani amechukiwa. Wazungumze, wachague wakati wa siku ambao viungo vimelegea, na watafute namna ya kulala isiyoibana nyonga. Pia si haki kuitupia baridi yabisi kila lawama: mirija ya uzazi iliyoziba kwa maambukizi ya zamani ni sababu kubwa ya ugumba katika nchi zetu, na tatizo la mbegu za mume hupatikana katika ndoa nyingi tu, kwa hiyo naye apimwe mapema.

Sasa nije kwenye dawa. Ya kwanza kuondolewa ni methotreksati. Hii humezwa au kuchomwa mara moja tu kwa wiki, na ndiyo nguzo ya matibabu ya wengi wetu, lakini inapingana na foliki asidi, vitamini ambayo mtoto anaihitaji sana wakati viungo vyake vinapoundwa, na inaweza kuharibu mimba au kumletea mtoto kasoro za kuzaliwa. Kwa miaka mingi madaktari wameagiza iachwe angalau miezi 3 kabla ya kutafuta mimba. Miongozo ya karibuni ya Ulaya na Marekani inakubali mwezi 1 hadi 3. Mpaka muda huo utimie mwanamke awe kwenye uzazi wa mpango wa uhakika, na aendelee na foliki asidi. Wengi huogopa kwamba dawa hii ikishatumiwa inakausha kizazi. Kwa dozi ndogo za baridi yabisi, utafiti ule ule wa Uholanzi haukuona kwamba waliowahi kuitumia walichelewa zaidi kuliko wenzao.

Leflunomidi ni ngumu zaidi, kwa kuwa mabaki yake hukaa mwilini hata miaka 2. Ipo dawa ya kuyasafisha, kolestiramini, ambayo hunywewa gramu 8 mara tatu kwa siku kwa siku 11, kisha damu ikapimwa kuhakikisha kwamba mabaki yamekwisha.

Zinazoruhusiwa ni hidroksiklorokwini, salfasalazini na prednisoloni kwa dozi ndogo. Hidroksiklorokwini ni ndugu wa klorokwini, ile chungu tuliyomezeshwa utotoni kwa malaria kabla Tanzania haijaacha kuitegemea mwaka 2001, na imetumiwa na wajawazito wengi bila kuonekana madhara makubwa kwa watoto katika dozi isiyozidi miligramu 400 kwa siku. Prednisoloni, kwa sehemu kubwa, huzimwa na kondo la nyuma kabla haijamfikia mtoto. Kiasi cha sehemu moja kwa kumi ndicho kinachopita. Hata hivyo dozi ikiwa kubwa na ya muda mrefu humwongezea mama hatari ya kisukari cha mimba, shinikizo la damu, maambukizi na chupa kupasuka kabla ya wakati. Na aliyeitumia kwa muda mrefu asiikatishe ghafla hata siku moja.

Badiliko hili la dawa linataka muda. Salfasalazini na hidroksiklorokwini huchukua wiki kadhaa, mara nyingi miezi 2 au 3, kabla hazijaonyesha nguvu zake. Anayeacha methotreksati leo na kutafuta mimba mwezi ujao anaweza kujikuta katikati, ya zamani imekwisha nguvu na mpya haijashika. Ndiyo sababu ninasema mwanamke aende kwa daktari mapema, ikiwezekana miezi 6 kabla. Kwa sisi wa Tanga mlango wa kawaida ni kliniki ya magonjwa ya ndani katika hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, na kutoka hapo, panapohitajika bingwa zaidi, watu hupelekwa Muhimbili au KCMC Moshi. Safari hizo ni za mamia ya kilomita, na mwenye mimba ya miezi minane na magoti yaliyovimba hawezi kuzifanya kirahisi. Zifanywe mapema, mwili ukiwa mwepesi, na barua ya bingwa iwe ndani ya kadi ya kliniki.

Ujauzito wenyewe una neema yake. Mwaka 1938 Dokta Philip Hench wa Mayo Clinic, Marekani, alieleza jinsi wagonjwa wake walivyopata nafuu walipokuwa wajawazito, na kuitafuta kemikali iliyoleta nafuu hiyo ni sehemu ya njia iliyomfikisha kwenye kotisoni, dawa ya jamii moja na prednisoloni, na Tuzo ya Nobel ya mwaka 1950, aliyoipata pamoja na wenzake wawili. Zamani ilisemwa kwamba robo tatu ya wajawazito hupona karibu kabisa. Hesabu za karibuni ni za chini kidogo: takriban 60 kati ya 100 hupata nafuu, waliobaki hukaa vile vile au huzidiwa. Kwa hiyo asiyepata nafuu asidhani kwamba mwili wake una kasoro ya pekee, na aendelee kutibiwa. Ugonjwa uliochachamaa wakati wa mimba huongeza uwezekano wa kuzaa njiti au mtoto mwenye uzito mdogo, na dawa zinazofaa hupunguza hatari hiyo.

Nitaendelea na habari za kujifungua na za baada yake, lakini kwanza naomba maswali.

Mchangiaji kutoka Pangani

Ahsante sana dada. Mimi niko kwenye methotreksati na nimepitisha siku zangu. Nimepima kwa kipimo cha mkojo nyumbani, mistari imekuwa miwili. Sijamwambia mtu isipokuwa dada yangu, naye ananiambia nitafute dawa ya kuitoa kabla haijakua. Nifanye nini?

Mwanzisha uzi

Pole sana mdogo wangu, na umefanya vyema kuuliza. Usimeze tena methotreksati tangu leo, wala usinywe kitu chochote cha kuitoa mimba, kiwe cha dukani au cha miti. Nenda kituo cha afya au hospitali kesho asubuhi ukiwa na pakiti ya dawa mkononi, uwaeleze tarehe uliyoimeza mara ya mwisho na dozi yake. Watakuanzishia foliki asidi ya miligramu 5 kwa siku, watakupima kwa picha ya mawimbi ya sauti kujua umri wa mimba na mahali ilipo, na watakupa rufaa.

Ukweli wenyewe haufichwi: utafiti wa mwaka 2014 uliokusanya mimba za wanawake waliokuwa wakimeza dozi ndogo za methotreksati baada ya mimba kuingia ulionyesha kwamba zaidi ya 40 kati ya 100 huharibika zenyewe, na kati ya watoto, takriban 7 kwa 100 walikuwa na kasoro kubwa, wakati kwa wanawake wengine ni kama 3. Maana yake hatari ipo na ni kubwa kuliko kawaida, lakini watoto wengi katika mimba zilizoendelea walikuwa wazima. Uamuzi wowote utakaofuata uufanye wewe baada ya kupimwa na kuelezwa na daktari, pasipo kusukumwa na hofu ya usiku mmoja. Ukisikia maumivu makali upande mmoja wa tumbo, au ukitokwa na damu, usisubiri asubuhi.

Muuguzi mkunga (Muheza)

Ninamshukuru mwanzisha uzi. Ninaomba niongeze mambo ambayo sisi wa kliniki ya wajawazito tunayaona, kwa kuwa mkoa wetu uko kwenye ukanda wa malaria.

Kila mjamzito hupewa SP ya kujikinga na malaria kuanzia wiki ya 13, dozi zikipishana angalau mwezi mmoja, na zisipungue tatu mpaka kujifungua. Sasa mama anayetumia salfasalazini huandikiwa foliki asidi ya miligramu 5 kwa siku, kwa sababu dawa hiyo hupunguza kiwango cha foliki mwilini. Shirika la Afya Duniani limeeleza wazi kwamba foliki asidi ya miligramu 5 au zaidi isitolewe pamoja na SP, kwa kuwa hupunguza nguvu yake dhidi ya malaria. Ile ndogo ya miligramu 0.4 haina tatizo. Daktari wa viungo anaandika lake, mkunga anatoa lake, na mama anameza vyote bila yeyote kujua. Kwa hiyo mama, ukifika kliniki, taja kila dawa unayotumia hata kama hujaulizwa, ili mpango wa foliki na wa SP upangwe kwa pamoja. Mwenye mzio wa salfa asipewe SP wala salfasalazini. Chandarua chenye dawa ni cha kila usiku kwa wote.

Jambo la pili ni uchovu. Mama mwenye baridi yabisi huweza kuwa na upungufu wa damu kwa sababu ya ugonjwa wenyewe, na mimba ikaongeza, kwa hiyo wingi wa damu upimwe mara kwa mara. Kipimo cha damu cha kuonyesha uvimbe mwilini kiitwacho ESR kisitegemewe kupima ukali wa ugonjwa kwa mjamzito, kwani hupanda chenyewe kwa sababu ya mimba; kingine kiitwacho CRP kinafaa zaidi pale kinapopatikana.

La tatu ni chanjo. Wapo wachache wanaopata dawa mpya za sindano zinazozuia kemikali ya uvimbe iitwayo TNF. Nyingi kati ya hizo humfikia mtoto tumboni katika miezi ya mwisho, na mtoto akizaliwa kinga yake huwa imefifishwa kwa muda. Hapa kwetu mtoto huchanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, akizaliwa tu, nayo ni chanjo hai, yaani yenye vijidudu hai vilivyodhoofishwa. Iliwahi kuripotiwa mwaka 2010 kwamba mtoto ambaye mama yake alitibiwa kwa dawa ya kundi hilo katika ujauzito alifariki baada ya BCG kusambaa mwilini. Mama aliyetumia dawa hizo mpaka miezi ya mwisho amwambie mkunga wa zamu kabla mtoto hajachanjwa. Kwa kawaida BCG husubirishwa mpaka miezi 6. Mtoto wa mama aliyetumia hidroksiklorokwini, salfasalazini au prednisoloni ndogo huchanjwa kama wengine.

Mchangiaji mwanaume (Korogwe)

Mimi ni mume. Mke wangu ana ugonjwa huu na hatujajaliwa. Mama yangu anasema nikizaa naye watoto watarithi, na kwamba nitakuja kulea wagonjwa. Naomba kuelezwa ukweli.

Mwanzisha uzi

Shemeji, ahsante kwa kuuliza wazi. Ugonjwa huu haurithiwi moja kwa moja kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Mtoto wa mwenye baridi yabisi ana uwezekano ulioongezeka kidogo kuliko mtoto mwingine, lakini watoto walio wengi hawaupati kamwe. Moshi wa sigara huongeza hatari hiyo, na hilo liko mikononi mwa watu wazima wa nyumba. Mweleze mama hivyo kwa upole, na umweleze wewe mwenyewe, usimwachie mkeo akabiliane naye jikoni.

Nenda naye kliniki, maana daktari akisikilizwa na wawili hueleweka vizuri zaidi. Kapime mbegu. Na kama wewe pia unatumia dawa za viungo, salfasalazini hupunguza mbegu za kiume kwa muda, zikarudi baada ya miezi kama 3 ya kuiacha. Methotreksati kwa mwanaume, kwa dozi ndogo, miongozo ya karibuni haimlazimishi kuiacha ili mkewe ashike mimba, tofauti na ilivyo kwa mwanamke.

Mama mtu mzima (Ngamiani)

Wanangu, mimi nimewakanda wazazi wengi kwa maji ya moto na kuwachua kwa mafuta. Mbona hamsemi habari ya dawa zetu? Kuna unga unauzwa, mtu akinywa siku mbili vidole vinakunjuka.

Mwanzisha uzi

Shikamoo mama. Mikono yenu imetulea, na maji ya uvuguvugu juu ya vidole vilivyokakamaa asubuhi ni jambo ninalolifanya mwenyewe kila siku. Kuchua kwa mafuta taratibu, pasipo kukandamiza kiungo kilichovimba na chenye joto, hakuna ubaya. Maji yasiwe ya kuunguza, hasa kwa aliyepasuliwa au aliyeshonwa.

Huo unga ndio ninaouogopa, mama, hasa kwa sababu unafanya kazi kwa siku mbili. Mti wa kawaida haukunjui vidole kwa haraka hivyo. Katika nchi nyingi zimekamatwa dawa za viungo zinazoitwa za asili ambazo zimechanganywa na prednisoloni, deksamethasoni au diklofenaki bila mnywaji kuambiwa. Deksamethasoni hupita kwenye kondo la nyuma mpaka kwa mtoto, tofauti na prednisoloni. Dawa za kundi la diklofenaki zikitumika kuanzia wiki ya 20 zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka, na katika miezi mitatu ya mwisho zinaweza kufunga mapema mshipa wa moyo wake unaotakiwa kubaki wazi mpaka azaliwe. Mjamzito asiunywe, mama, na ninakuomba uwaambie hivyo wanaokuja kwako, kwa kuwa watakusikiliza wewe kuliko mimi.

Mwanzisha uzi (inaendelea)

Nimalizie niliyoahidi. Baridi yabisi peke yake si sababu ya kupasuliwa. Walio wengi huweza kuzaa kwa njia ya kawaida, ila mama ambaye nyonga zake hazifunguki aonyeshe hilo kwa daktari kabla ya uchungu, ili mlalo wa kuzalia ufikiriwe mapema. Wenye ugonjwa wa miaka mingi waseme pia kama shingo inauma au mikono inakufa ganzi, kwa sababu mifupa ya juu ya shingo huweza kulegea, na mtaalamu wa usingizi anapaswa kujua hilo kabla hajamlaza mtu na kumpinda kichwa. Aliyetumia prednisoloni kwa muda mrefu huenda akahitaji dozi ya ziada wakati wa uchungu au upasuaji, kwa kuwa mwili wake umezoea kuletewa.

Miezi ya baada ya kujifungua ndiyo inayoniumiza moyo, maana hapo ndipo tunapoachwa. Karibu nusu ya wanawake ugonjwa huwarudia kwa nguvu katika miezi ya mwanzo, mara nyingi arobaini ikiwa imekwisha au inakaribia kwisha, wageni wameondoka, na kila mtu anamtazama mtoto. Wapo hata wanaougua kwa mara ya kwanza katika mwaka huo wa kwanza. Huku kwetu huambiwa ni uchovu wa uzazi au ni baridi imeingia kwa sababu hawakukandwa vizuri, na wanakaa hivyo miezi huku viungo vikiliwa. Mzazi ambaye vidole vyake vimevimba mikono yote miwili kwa zaidi ya wiki 6, na asubuhi haviwezi kufumba, aombe kupimwa.

Kunyonyesha kunaruhusiwa kwa aliye kwenye hidroksiklorokwini na prednisoloni. Ikiwa dozi ya prednisoloni imezidi miligramu 20, hushauriwa kusubiri saa 4 baada ya kumeza ndipo anyonyeshe. Salfasalazini inafaa kwa mtoto mzima aliyetimiza miezi, lakini njiti, mwenye umanjano, au mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao si wa nadra huku pwani, daktari aulizwe kwanza. Ibuprofeni, iliyokatazwa katika miezi ya mwisho ya mimba, inaruhusiwa wakati wa kunyonyesha. Methotreksati na leflunomidi haziruhusiwi. Ugonjwa ukizidi mpaka methotreksati ikahitajika, mama huachisha maziwa yake, na mama huyo asisutwe na mtu. Mtoto anahitaji mikono ya mama kwa miaka mingi ijayo.

Muuguzi mkunga (Muheza)

Niongeze kidogo hapo. Kabla ya kurudi kwenye methotreksati, uzazi wa mpango uwe umepangwa. Sindano ya miezi mitatu hupunguza uimara wa mifupa, na prednisoloni nayo hupunguza, kwa hiyo mwenye kutumia zote mbili apewe nafasi ya kufikiria vijiti au kitanzi. Vyote viwili vinawafaa wagonjwa wa baridi yabisi na havihitaji kumezwa kila siku.

Mchangiaji kutoka Makorora

Dada, nina mimba ya miezi saba, na dawa zangu ziko sawa. Ninachoogopa ni kumwangusha mtoto. Mkono wa kulia hauna nguvu ya kubana.

Mwanzisha uzi

Hofu hiyo ninaijua vizuri. Usimnyanyue mtoto kwa kumshika chini ya makwapa kwa vidole gumba, kwani uzito wote unaangukia kwenye kiungo cha chini ya kidole gumba na kifundo cha mkono. Pitisha mikono yote miwili chini yake, viganja vikitazama juu, umbebe kwa mikono ya mbele na umlete kifuani. Kumwogesha, usijaze beseni ukalibeba. Liwekwe juu ya meza imara likiwa tupu, maji yaongezwe kwa kopo, na mtoto alazwe kwenye kitambaa ili asiteleze. Asubuhi, viungo vikiwa vimekakamaa, aogeshwe na mtu mwingine, wewe umwogeshe jioni.

Nguo za vifungo vidogo na zipu nyembamba zipe likizo. Nilishona mkanda wa kunata kwenye vifuko vya kumfungia mtoto, fundi cherehani alifanya kazi hiyo kwa siku moja. Mbeleko ya kanga inahitaji kiganja chenye nguvu ya kukaza fundo, kwa hiyo ama ufungiwe na mtu uliye naye, ama utafute mbebeo wenye mikanda mipana ya mabegani. Wakati wa kunyonyesha weka mto mapajani mpaka mtoto afike usawa wa titi, usimwinue kwa mkono. Na tangu sasa, ukiwa bado mjamzito, mpate shangazi au mdogo wako atakayelala kwako miezi mitatu, siyo siku arobaini tu, na uandikishe siku ya kumwona daktari wa viungo ndani ya wiki 6 baada ya kujifungua, hata kama siku hiyo utakuwa unajisikia mzima kabisa.

Wengine wanaotaka kuuliza kuhusu dawa zao, naomba waandike jina la dawa, dozi kwa siku au kwa wiki, na umri wa mimba kama ipo. Majina yao na ya hospitali wanazotibiwa hayahitajiki hapa. Mkunga wetu na mimi tutajibu kwa kadiri ya tunayoyajua.